Upanga, Upinde na Ngao Katika Kiebrania

Mtu akikuambia kwamba Uislamu ulienea kwa upanga, yamkini utavutwa kumfungulia kitabu cha Yoshua na kumhesabia waliouawa humo. Usifanye haraka. Aibu ya mwenzio si hoja yako. Kwanza jifunze maneno matatu ya Kiebrania, lugha iliyo ndugu na Kiarabu.

La kwanza ni *herev*, yaani upanga. H yake ni nzito, kama ile ya jina Muhammad. Herufi zake za asili, h-r-b, ndizo zilizomo katika neno la Kiarabu *harb*, vita. Kwa Waebrania upanga una kinywa, nao hula watu. Kwa hiyo *lefi herev*, ambayo neno kwa neno ni "kwa kinywa cha upanga", imefasiriwa kwa Kiswahili "kwa makali ya upanga". Lakini katika Isaya 49:2 mambo yamegeuka: mtumishi wa Mungu asema kuwa kinywa chake ndicho kilichofanywa kama upanga mkali. Hapo hapamwagwi damu. Silaha ni neno.

La pili ni *qeshet*, upinde wa mishale. Neno hilo hilo latumika katika Mwanzo 9:13 kwa upinde uonekanao mawinguni, ishara ya agano baada ya gharika ya Nabii Nuhu a.s. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu, maana naye husema "upinde wa mvua".

La tatu ni *magen*, ngao. Katika Mwanzo 15:1 Mwenyezi Mungu anamwambia Nabii Ibrahimu a.s. kwamba Yeye ndiye ngao yake. Kiarabu kina *mijann* na *junna*. Na Mtume Mtukufu s.a.w. ameiita saumu *junna*, ngao ya mwenye kufunga.

Sasa soma Isaya 2:4, kisha Yoeli 3:10. Kwa Isaya mataifa yanafua *herev* zao ziwe majembe. Kwa Yoeli majembe yanafuliwa yawe *herev*. Neno ni moja, nyakati ni mbili. Basi kabla ya kuhukumu aya yoyote, ya Biblia au ya Kurani Tukufu, uliza: nani anaambiwa, wakati gani, na kwa sababu gani? Ukitaka jirani yako akisome Kitabu chako kwa haki hiyo, anza wewe kukisoma chake hivyo.

Katika baadhi ya nakala za Sahihi Bukhari imo habari kwamba Masihi atakayekuja ataiondoa *harb*. Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, aliandika kijitabu juu ya Jihadi mwaka 1900, akafundisha kwamba zama hizi si za kupigania dini kwa upanga. Nayo Kurani Tukufu (25:53) yaamrisha Jihadi kubwa kwa Kurani yenyewe.

Upanga huo, ndugu yangu, haumwagi damu. Uunoe kwa elimu, na uushike kwa adabu.