Video Ikikwama kwenye Kompyuta Kuukuu

Wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa wanaweza kujifunza kwa video namna ya kupuliza salfa kuzuia ubwiriunga. Lakini picha ikikwama penye kipimo cha dawa, mkulima atakisia tu, na maua ya mikorosho yanaweza kukauka.

Kompyuta kuukuu haina nguvu nyingi. Isaidieni hivi:

1. Fungeni programu nyingine zote.
2. Video ikiwa kwenye flashi, ihamishieni kwanza ndani ya kompyuta.
3. Kompyuta ikipata moto, izimeni ipoe. Futeni vumbi kwenye matundu ya hewa.
4. Bado inakwama? Tafuteni nakala nyepesi ya video hiyo hiyo.

Swali: Kwa nini tunafunga programu nyingine? Jadilianeni kikundini.