Barua Pepe Moja, Vifaa Vitatu: Jinsi ya Kuipanga Bila Kupoteza Risiti Wala Pesa

Hebu hesabu: barua pepe yako inafunguka kwenye vifaa vingapi leo? Simu iliyo mfukoni, bila shaka. Laptopu ya nyumbani. Kompyuta ya kazini. Simu ya zamani uliyompa mdogo wako. Na ile kompyuta ya saiba uliyotumia mwezi uliopita kuprinti fomu. Kama umeanza kukuna kichwa, somo hili ni lako.

Labda unauliza, barua pepe na malipo ya simu vinahusiana wapi? Vinahusiana sana. Ukiomba taarifa ya M-PESA, inatumwa kwa barua pepe. Ukisahau nywila ya iTax, KRA inakutumia maagizo hukohuko. Mtu akiingia kwenye barua pepe yako hahitaji kujua nywila zako nyingine. Anabonyeza tu "Nimesahau nywila" na kusubiri.

Tuchukue mfano wa mama mwenye biashara ya keki hapa Muthangari. Asubuhi anasoma oda kwenye simu akiwa kwa matatu ya Waiyaki Way. Mchana msaidizi wake anajibu wateja kwenye kompyuta ya duka. Usiku anaandika ankara kwa laptopu. Hiyo ni barua pepe moja kwenye vifaa vitatu. Ipangwe vipi?

1. Vifaa vyote visome kisanduku kimoja

Kama unatumia Gmail kupitia programu yake au kivinjari, hapa huna shida. Ujumbe ukiusoma kwenye simu, kwenye laptopu pia utaonekana umesomwa.

Shida huja na barua pepe za kampuni, zile zenye jina la biashara yako, ukiziunganisha kwenye programu kama Outlook au Thunderbird. Programu itakuuliza: IMAP au POP? Watu wengi hubonyeza chochote waendelee. Usifanye hivyo.

POP hushusha ujumbe kwenye kifaa kimoja, na mara nyingi huufuta kwenye seva. Kompyuta ya duka ikiushusha, simu yako haitauona. Kompyuta hiyo ikiharibika, ujumbe umeenda nayo. IMAP huacha ujumbe kwenye seva, na kila kifaa huusoma kutoka hapo. Ukijibu, ukifuta au ukihamisha kitu, mabadiliko yanaonekana kila mahali. Kwa mtu mwenye vifaa zaidi ya kimoja, jibu ni IMAP.

Angalia leo. Tuma ujumbe kutoka kwenye simu, kisha fungua "Zilizotumwa" kwenye laptopu. Usipouona, muulize aliyekutengenezea barua pepe hiyo abadilishe. Kabla hajabadilisha, mwambie ahifadhi nakala ya ujumbe wa zamani ulio kwenye kompyuta.

2. Panga mara moja, ionekane kila mahali

Usipange kwa kutumia kichwa. Tengeneza lebo chache tu: Oda, Risiti, KRA, Benki. Kisha, ukiwa kwenye kompyuta, tengeneza kichujio ili ujumbe kutoka kwa msambazaji wako wa unga uingie wenyewe kwenye Risiti. Ukifanya hivyo mara moja kwenye kompyuta, simu nayo itafuata.

Kama mnasoma kisanduku kimoja watu wawili, wekeni sheria. Anayeanza kushughulikia oda aiwekee nyota. Akimaliza, aondoe nyota na kuihamisha. Bila hiyo sheria, kila mmoja atadhani mwenzake amejibu, na mteja wa keki ya harusi atakaa bila jibu.

Na risiti usizifute. Sheria ya kodi inataka rekodi za biashara zihifadhiwe kwa miaka 5. Tena tangu 1 Januari 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi kwenye hesabu ya kodi bila ankara ya eTIMS. Ukizihifadhi kwenye lebo moja, mwezi wa Juni hautakupata ukitafuta karatasi.

3. Okoa bando na nafasi

Akaunti ya Google ya bure ina GB 15, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Kwenye Android, hata nakala za WhatsApp zinahesabiwa humo. Ikijaa na ukaiacha hivyo, barua pepe mpya huacha kuingia, na wanaokuandikia huona ujumbe wao umerudishwa. Oda imepotea na wewe huna habari.

Andika larger:10M kwenye sehemu ya kutafuta ya Gmail. Utaonyeshwa ujumbe wote unaozidi MB 10. Futa usiohitaji, kisha safisha na tupio, kwa sababu ujumbe hukaa humo siku 30 kabla ya kufutika wenyewe.

Kwa upande wa bando, ingia kwenye mipangilio ya Gmail ya simu na upunguze siku za kusawazisha. 

4. Kwenye saiba, ingia kama mgeni

Fungua dirisha fiche la kivinjari kabla ya kuingia. Ukiulizwa kama nywila ihifadhiwe, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti na ufunge dirisha. Kisha fungua folda ya vipakuliwa na ufute faili zako. Wengi husahau hapo, na taarifa zao za benki hubaki kwa mteja anayefuata.

5. Jiandae kabla simu haijapotea

Hapa tusome polepole.

Uthibitishaji wa hatua mbili ni kinga nzuri na tunakuhimiza uuwashe. Lakini fikiria: simu imenyakuliwa stejini. Unakimbilia laptopu ubadilishe nywila, na Google inataka kuhakikisha ni wewe. Kodi inatumwa wapi? Kwenye simu ileile iliyo mikononi mwa mwizi.

Kwa hivyo fanya mambo matatu leo:

- Chukua kodi mbadala za Google. Ni 10, na kila moja hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, uiweke nyumbani na vyeti vyako. Usizipige picha kwa simu.
- Funga laini yako kwa PIN ya SIM. Mwizi akiihamishia kwenye simu nyingine, haitafanya kazi bila PIN hiyo. Angalia PIN uliyo nayo kwanza, maana ukikosea mara 3 utahitaji PUK.
- Ficha maandishi ya meseji kwenye skrini iliyofungwa. Kodi ikiingia, isisomeke na aliyeshika simu.

Na ikipotea, fuata mpangilio huu

1. Omba simu ya mtu, piga kwa mtandao wako, laini ifungwe. Kwa Safaricom ya malipo ya kabla ni 100. Hii ndiyo ya kwanza, kwa sababu inalinda pesa zako.
2. Fungua akaunti ya Google kwenye kifaa kingine, ukitumia kodi mbadala. 
3. Badilisha nywila ya barua pepe, halafu ya benki na iTax.
4. Ifunge simu ukiwa mbali kupitia huduma ya Google au Apple ya kutafuta kifaa. Kufuta kila kitu, au kuiondoa simu kwenye akaunti (Usalama, kisha Vifaa vyako), kuwe kwa mwisho, kwani ukishafanya hivyo huenda usiweze tena kuiona iko wapi.
5. Piga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu upewe abstrakti.

Kazi ya leo ni ya dakika kumi: fungua orodha ya vifaa vyako na uondoe usichokitambua, ukianza na ile simu uliyompa mdogo wako. Na ukumbuke, sisi hatutakuomba PIN yako kwa barua pepe, hata siku moja. Ukiona ujumbe kama huo, hata ukiwa na nembo yetu, usibonyeze chochote. Tupigie kwanza.