Dondoo muhimu: Kutafuta nota za nyimbo za asili za Pinga
Nyimbo za Wanyanga na Wahunde wa Pinga, mashariki mwa Kongo, zilirithishwa kwa mdomo, hivyo nota zake, yaani maandishi ya sauti za muziki, ni adimu; tovuti ya utafutaji ikishindwa, mtafutaji aelekee moja kwa moja kwenye hifadhi za sauti, hususan ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na maktaba ya muziki wa Afrika aliyoiasisi mtafiti Hugh Tracey mwaka 1954, akiandika “Nyanga” au “Hunde” bila viambishi. Linalostahili kutangulia yote ni andiko la Biebuyck na Mateene (1969) kuhusu utenzi wa Wanyanga uitwao Mwindo, ambao msimulizi wake huukatiza kwa nyimbo. Kwa anayetaka pia nota za kwaya za Kikatoliki, zimo katika tovuti ya Swahili Music Notes; mtandao ukipatikana, faili ihifadhiwe papo hapo kwenye simu.