MLANGO AMBAO KIPINDUPINDU HAKIWEZI KUUFUNGA

Mvua za masika zinapofurisha vyoo vya shimo na kuingia katika visima vifupi, wakazi wa Kiwalani na jirani zao wa Vingunguti wanajua kinachoweza kufuata. Usiku mtoto anaanza kuharisha na kutapika. Mama anatafuta kikombe ampe maji, lakini jirani anamzuia: "Dada, pumzisha tumbo lake kwanza. Ukimpa maji ataharisha zaidi." Jirani huyu ana nia njema. Hata hivyo, ushauri wake unaweza kuua. Ili tuelewe sababu, leo tujifunze juu ya kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, yaani utando wa seli.

Utando wa seli ni nini?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo ndogo ziitwazo seli. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba mno. Ukigawa milimita moja katika sehemu milioni moja, unene wa utando huo ni kama sehemu 7 au 8 tu. Umefanyika kwa tabaka mbili za mafuta, na ndani ya mafuta hayo zimepachikwa protini ambazo nyingi hufanya kazi kama milango. Mwaka 1972 wataalamu S. J. Singer na Garth Nicolson walieleza kwamba utando si mgumu kama ukuta wa matofali. Mafuta na protini zake husogea, kama vitu vinavyoelea juu ya maji.

Vitu hupitaje?

Kwanza, vipo vinavyopenya mafuta vyenyewe. Hewa ya oksijeni hutoka mahali ilipo nyingi kwenda mahali ilipo kidogo, kama harufu ya samaki wa kukaanga inavyotoka jikoni hadi kwa jirani.

Pili, maji hufuata chumvi na sukari. Tazama kachumbari. Ukinyunyizia vitunguu chumvi, baada ya muda mfupi bakuli lina maji. Maji hayo yametoka ndani ya seli za kitunguu, yakavutwa na chumvi iliyo nje.

Tatu, chumvi na sukari zenyewe haziwezi kupenya mafuta, kwa hiyo zinahitaji milango. Mingine ni pampu zinazotumia nguvu itokanayo na chakula. Pampu moja hutoa chembe 3 za sodiamu nje ya seli na kuingiza 2 za potasiamu. Kwa sababu hiyo sodiamu huwa kidogo ndani ya seli, na ile ya nje daima inatafuta njia ya kuingia.

Kipindupindu hufanya nini?

Vijidudu vya kipindupindu hukaa katika utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo huzifanya seli za utumbo ziache wazi milango ya kutolea kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi. Kloraidi ikitoka, sodiamu huifuata, na maji hufuata vyote viwili. Ndipo mgonjwa huharisha maji yanayofanana na maji ya kuoshea mchele. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Mwezi Agosti 2015 ugonjwa huu ulianzia Dar es Salaam, kisha ukaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu.

Lakini upo mlango mwingine ambao sumu hii haiufungi. Mtaalamu Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Mlango huo huingiza sodiamu na sukari ya glukosi kwa pamoja, chembe 2 za sodiamu kwa 1 ya glukosi. Zikiingia, maji huzifuata na kurudi mwilini. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na chumvi peke yake haitoshi.

Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipougua kipindupindu huko Bongaon, India, dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa wagonjwa maji ya chumvi na glukosi wanywe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Basi tumjibu jirani yetu. Ni kweli mtoto ataendelea kuharisha, kwa kuwa milango ile ya kwanza bado iko wazi. Maji haya hayafungi tumbo. Yanarudisha kilichopotea mpaka ugonjwa upite, na hapo ndipo uhai ulipo.

Tufanye nini nyumbani?

1. Changanya pakiti ya ORS na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa.

2. Usipopata pakiti, chukua maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko visawazishwe, visiwe vya kujaa.

3. Usizidishe. Sukari au chumvi ikizidi, itavuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, kama kwenye kachumbari. Kwa sababu hiyo hiyo soda haifai. Tena, visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na kuchemsha hakuiondoi. Tafuta maji baridi yasiyo na ladha ya chumvi.

4. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na mkubwa zaidi hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Aendelee kunyonya na kula.

5. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 umwagwe.

Ukiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea, hakojoi, hawezi kunywa, au anaharisha maji mengi mfululizo, mpeleke kituo cha afya mara moja, huku ukimnywesha njiani.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini chumvi na sukari lazima ziwe pamoja?
2. Maji ya kisima chetu yana ladha gani?
3. Je, kila mtu mzima humu ndani anaweza kuchanganya maji haya, hata usiku wa manane?