Dondoo muhimu: Kung'oa jino ukiwa na kisukari au presha

Beba dawa zako zote kwenye pakiti zake, hata za mitishamba.

Usiache dawa ya kuyeyusha damu kwa uamuzi wako mwenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huacha aspirini au warfarini wakiogopa kutokwa damu. Damu ya kwenye pengo huzuilika kwa kung'ata pamba au kushonwa nyuzi. Kiharusi kinachoweza kutokea ukiacha dawa hakizuiliki hivyo. Anayetumia warfarini apime INR (kipimo cha kuganda kwa damu) siku moja kabla. Ikizidi 4, jino kwa kawaida husubiri.

Dawa ya presha imeze asubuhi hiyo kama kawaida. Kipimo kikifika 180/110, huenda ukaahirishiwa.

Mwenye kisukari aombe miadi ya asubuhi. Kama ni ganzi ya fizi tu, kula kifungua kinywa na utumie dawa zako. Wanaofunga ni wanaolazwa usingizi, nao waulize mapema kuhusu insulini. Beba juisi, sukari isije ikashuka.

Una vali bandia ya moyo? Sema siku unapoweka miadi, kwani huenda ukahitaji antibayotiki kabla ya kung'olewa.

Kwa maumivu ya baadaye, ulizia parasetamoli: diklofenaki na ibuprofeni zaweza kupandisha presha na kuumiza figo.