Beleshi la Trekta Lishukalo Lenyewe

Mwenye trekta dogo lenye beleshi la kupakia aghalabu huanza kutambua ubaya wa vali kwa jambo dogo. Jioni aliacha beleshi limeinuliwa, na asubuhi analikuta limelala chini, ingawa hakuna aliyegusa wenzo. Mwingine huona mafuta yakitiririka penye shina la wenzo. Wa tatu anapovuta wenzo ili mzigo wa samadi upande, beleshi kwanza hushuka kidogo, ndipo lipande. Dalili hizi tatu hazina asili moja wala dawa moja, na watu wengi wametupa fedha kwa kununua kisichohitajiwa.

Nguvu ya beleshi hutoka katika mafuta. Pampu inayoendeshwa na injini huyasukuma mpaka kwenye vali, na vali ndiyo bawabu wa mtambo wote. Ndani ya bloku yake ya chuma mna tundu refu, na ndani ya tundu mna fimbo iliyong'arishwa, yenye mifuo ya duara, ambayo mafundi huiita spuli. Wenzo ukisogezwa, spuli nayo husogea, ikafungua njia moja na kufunga nyingine. Mafuta yakiingia chini ya pistoni, beleshi hupanda, na yale ya upande wa juu hurudi tangini. Wenzo ukiwa katikati, njia zote mbili za silinda hufungwa, na mzigo hukaa juu ya mafuta yaliyofungiwa. Joseph Bramah wa Uingereza alitumia kanuni hiyo hiyo katika mtambo wake wa kushindilia, aliopewa hati yake mwaka 1795. Yeye alitumia maji.

Hapa ndipo hata mafundi wazoefu hukosea. Beleshi likishuka, husema sili ya pistoni imekufa. Silinda inafunguliwa, sili mpya inawekwa, na kesho yake beleshi linashuka vilevile. Yafaa kwanza kuuliza mafuta yanakwenda wapi. Upande wa juu wa pistoni una fimbo inayochukua nafasi, kwa hiyo hauwezi kupokea mafuta yote yatokayo upande wa chini. Hata sili ikiwa imechakaa kabisa, maadamu njia zote mbili zimezibwa barabara, mafuta hayana pa kwenda, na beleshi haliwezi kushuka ila kidogo sana. Likifika chini, basi mafuta yametoka silindani: ama yamevuja nje, na hapo yataonekana, ama yamepenya kando ya spuli yakarudi tangini. Sili mbovu huharakisha mambo, kwa kuwa huzidisha shinikizo ndani ya silinda, lakini mlango uliofunguka uko kwenye vali.

Walakini spuli nzima nayo hupitisha mafuta kidogo. Katikati yake hamna mpira wa kuziba. Ni chuma ndani ya chuma, na nafasi iliyopo ni ndogo kuliko unene wa unywele. Beleshi kushuka polepole usiku kucha si ugonjwa. Kushuka kunakoonekana kwa macho ndiko kunakohitaji fundi. Kabla ya kufungua chochote, beleshi lipakiwe mzigo, liinuliwe kidogo tu kutoka ardhini, injini izimwe, na alama ya chaki itiwe juu ya nguzo iliyo karibu. Kiasi lilichoshuka kwa dakika kumi kiandikwe.

Kazi yenyewe yaweza kuua. Beleshi lilazwe chini kabisa, injini izimwe, na wenzo usogezwe kila upande mara kadhaa ili shinikizo lililobaki litoke. Kama mikono haina budi kuinuliwa ili vali ifikiwe, itegemezwe kwa vyuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kamwe si kwa mafuta peke yake wala kwa matofali. Tena mtu asitafute penye kuvuja kwa kupapasa kwa mkono. Katika matrekta madogo mengi shinikizo hufika ratili 2,000 au zaidi kwa kila inchi ya mraba, na mafuta yatokayo katika kitundu kama cha sindano hupenya ngozi. Kidonda huwa kidogo, pengine hakiumi mwanzoni, na kwa saa chache nyama ya ndani huanza kufa. Aliyepatwa apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya mtambo. Kipande cha karatasi ngumu kikipitishwa penye shaka chatosha kuonyesha panapovuja.

Vali isafishwe nje kwa brashi na mafuta ya taa mpaka pasibaki hata chembe ya vumbi, na kila mpira wa mafuta utiwe alama kabla ya kufunguliwa. Mipira miwili ikibadilishana mahali, wenzo wa kupandisha utashusha. Kisha kifuniko cha mwisho hufunguliwa, na spuli huvutwa polepole huku ikizungushwa. Mafuta yaliyokuwa yakivuja penye wenzo asili yake ni oringi zilizo mwishoni mwa tundu. Hizo hutolewa kwa kijiti, si kwa bisibisi, na mpya ziwe za kipimo kile kile na za mpira unaostahimili mafuta. Zile za bomba la maji huvimba. Beleshi linaloshuka kabla ya kupanda lina uchafu katika vali ndogo ya kuzuia mafuta yasirudi nyuma; mara nyingi kuisafisha kwatosha.

Spuli yenyewe isipigwe msasa hata kidogo. Ikiwa ina michubuko inayonasa ukucha, imekwisha, na haifai kutiwa spuli ya vali nyingine, maana kila moja imelinganishwa na tundu lake. Hapo hununuliwa vali nzima, nayo iwe ya aina ile ile, kwa sababu katika matrekta mengi mafuta hupitia humo ndipo yaende kuinua jembe la nyuma.

Wakati wa kurudisha, spuli na oringi zipakwe mafuta safi, na boliti zikazwe kwa zamu. Zikikazwa mno tundu hujipinda na spuli hukwama. Chujio libadilishwe, tangi lijazwe, na injini iendeshwe taratibu huku wenzo ukisogezwa mpaka hewa iishe. Kisha mzigo ule ule uinuliwe penye nguzo ile ile, injini izimwe, na baada ya dakika kumi alama mpya ilinganishwe na ile ya kwanza.