Kifaa cha KIEMS Hakipigi Kura

Kwenye vibanda vya gemu mjini Wote na Kitui, kati ya mechi moja ya kandanda na nyingine, vijana hubishana mengi: gemu ipi inalemea kompyuta, kama ni heri kuacha Windows na kuhamia Linux, na kama kuna haja ya kujiandikisha kuwa mpiga kura. Kwa hili la mwisho jibu huwa rahisi: "Mashine ndiyo huamua." Rai hiyo inafaa kupimwa, maana hapa Makueni mashine yenyewe iliwahi kugoma.

Kifaa cha KIEMS kilianza kutumika katika uchaguzi mkuu wa 2017. Asubuhi ya kura, kazi yake ni kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole, basi. Kura ni karatasi. Kila mtu hupewa sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Vituo vikifungwa, karatasi huhesabiwa kwa mkono papo hapo, mawakala wakitazama.

Tarehe 9 Agosti 2022, vifaa vilikataa kufanya kazi Kibwezi Magharibi na sehemu za Kakamega. IEBC ikaruhusu sajili iliyochapishwa itumike. Anayebadilisha mfumo endeshi wa kompyuta anaelewa jambo hili: kwanza hunakili faili zake mahali pengine, ili mfumo mpya ukikataa kuwaka, kazi yake isipotee. Sajili ya karatasi ndiyo nakala hiyo. Ila kompyuta inaweza kungoja hadi kesho, na foleni haiwezi. Mama aliyetembea tangu alfajiri akikuta foleni haisogei, huenda akarudi kwake kulisha mbuzi, na kura yake imekwenda. Ndiyo sababu inafaa kila mkazi ajue kwamba aliye kwenye foleni saa 11 jioni ana haki ya kupiga kura, na kwamba kituo kilichochelewa kinaweza kuongezewa muda uliopotea.

Kuhusu kutuma matokeo, shaka ya vijana si ya bure. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais, na kasoro za kupeperusha matokeo zilikuwa miongoni mwa sababu. Lakini mwaka huo huo, mwezi Juni, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeamua kwamba hesabu ya urais iliyotangazwa kituoni ni ya mwisho. Mwaka 2022 picha za Fomu 34A ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, kila mtu alinganishe. Mwenye bando ya kucheza gemu mtandaoni anayo ya kutosha kufungua fomu ya kituo chake.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Anayejiandikisha awe na miaka 18 na kitambulisho cha taifa au pasipoti halali, hatozwi pesa. Ofisi za IEBC zipo katika maeneo bunge yote, 8 ya Kitui na 6 ya Makueni. Aliyejiandikisha Nairobi na sasa anaishi Mwingi asijiandikishe upya, kwani kujiandikisha mara mbili ni kosa. Aombe kuhamishiwa kituo kabla sajili haijafungwa.